Mama Kwenye Taarifa ya Saa Mbili

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, isipokuwa shemeji yako ambaye goti limemgomea kabisa na sasa anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Binti yangu amefaulu mtihani wa uuguzi. Amesema nikuambie, maana bado anaamini kuwa mjomba wake anajali. Paa la nyumba ya Mama tumelibadilisha. Chumba chako kipo, nimekijaza vitabu vyangu, na vitabu havilalamiki kama ulivyokuwa ukilalamika wewe.

Jana nilitazama taarifa yako ya saa mbili. Nasema yako kwa sababu jina lako hupita mwishoni, pale chini, mbio mbio, kama mtu anayetoka dukani bila kulipa. Habari ya kwanza: waziri amekata utepe. Ya pili: waziri mwingine amempongeza aliyekata utepe. Nikajua ya tatu mtauhoji utepe wenyewe. Nimefundisha watoto maisha yangu yote na sijampa maksi hata mmoja aliyejibu swali ambalo hakuulizwa. Kumbe huko kwenu hiyo ndiyo kazi, tena yenye kiyoyozi.

Sasa sikiliza. Kiwanda cha ngozi kilicho upande wa juu wa mto, kabla ya kufika darajani, kinamwaga uchafu wake mtoni. Kuna siku maji yanapita ya bluu, kuna siku yanapita rangi ya kutu, na yote yananuka. Watoto wametoka vidonda mikononi. Mapacha wa jirani yetu hawawezi kukunja vidole. Tulipiga kelele mpaka wakubwa wa mji wakatuletea maji kwa gari, lakini tunasikia gari litaondolewa kwa sababu hakuna ushahidi kwamba mto una kasoro. Pua zetu si ushahidi. Ngozi za watoto si ushahidi. Ushahidi, siku hizi, ni kile kinachoonekana kwenye televisheni.

Basi leta kamera. Mtu mmoja asimame darajani aelekeze chini. Wala asiseme neno. Mto utajisemea.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia habari za binti. Mpe pongezi zangu. Huku mke wangu hajambo, watoto wanakua, mimi presha inapanda na kushuka lakini daktari anasema ni kazi tu. Pole kwa shemeji. Mwambie apunguze ngazi.

Najua unaidharau kazi yangu. Umeidharau tangu siku nilipoondoka nyumbani kuja kukunja nyaya za watu waliokuwa hawajui hata naitwa nani. Lakini nyaya zile zilinifikisha kwenye kamera, kamera ikanifikisha kwenye meza ya kuhariri picha, na sasa hakuna kinachokwenda hewani saa mbili bila mimi kusema neno. Mtangazaji anasoma nilichomwekea. Mkubwa akipiga simu studio, anauliza niko wapi. Ile desturi ya kuweka neno MAKTABA pembeni ya skrini kila tunapoonyesha picha ya zamani, mimi ndiye niliyeipigania. Kabla ya hapo mtazamaji alikuwa hajui lipi la leo na lipi la enzi za babu yake. Huo nao ni mchango, Dada, hata kama haujaandikwa kwenye kitabu.

Mkurugenzi mpya haipendi desturi hiyo. Anasema inaifanya taarifa ionekane kuukuu. Tunajadiliana naye.

Kuhusu mto: nimelipeleka jambo lako kwenye kikao cha asubuhi. Tatizo ni gari. Magari mawili ni mabovu na lililobaki linamfuata waziri. Lakini tutalifanyia kazi.

Jambo moja nakuomba kama ndugu. Nafasi ya Mkuu wa Habari itakuwa wazi katikati ya mwaka, na jina langu limetajwa. Punguza kidogo yale makala yako gazetini. Watu wanajua wewe ni dada yangu.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako hajambo, binti hajambo, na Mama hajambo.

Ndiyo, Mama. Amependeza. Tulimwona juzi kwenye taarifa yako.

Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe huwa upo upande wa pili wa kioo. Tulisikia waziri atazungumzia mto wetu. Tukajaa kwa yule jirani wa pembeni tunayemwita Mzee Redio, mwenye skrini kubwa kuliko dirisha lake. Waziri akatokea, akasema maji yamepimwa na ni salama kwa matumizi ya binadamu. Halafu mtangazaji wako, yule mwenye sauti ya asali, akasema, "Na hali ilivyo leo katika mto huo ni hii." Leo! Ukatokea mto wetu, safi, mawe yanaonekana hadi chini. Na mwanamke amechutama ukingoni na ndoo, akateka maji kwa kiganja, akanywa, akainua uso, akacheka.

Mama Mapacha ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. "Jamani! Si marehemu huyu?"

Mzee Redio akasogea hadi pua ikagusa kioo. "Ndiye. Na ile ndoo ni yangu. Aliazima, hakurudisha."

"Sasa mzee, badala ya kushangaa maiti unadai ndoo?"

"Kama yeye amerudi, na ndoo irudi."

Watu walicheka, mdogo wangu. Walicheka huku wakinitazama kwa jicho la pembeni waone nitafanya nini. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilitazama pembeni ya skrini kutafuta lile neno lako tukufu, ule mchango wako kwa taifa. Hapakuwa na kitu.

Picha ile niliikumbuka mara moja. Uliipiga mwenyewe, likizo yako ya kwanza, ulipokuja na kamera ya ofisi kutuonyesha kuwa umekuwa mtu. Mlibishana pale ukingoni. Wewe: "Mama, usiitazame kamera!" Yeye: "Siitazami kamera, nakutazama wewe." Mama hakuwa anayachekea yale maji. Alikuwa anakuchekea wewe. Nawe umekitwaa kicheko kile ukakifanya cheti cha kiwanda cha ngozi.

Nina swali moja tu, na nataka jibu fupi, bila kikao cha asubuhi. Ulimwona, au hukumwona?

Dada yako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na ziara za viongozi mfululizo. Mtoto wa pili ameanza shule ya bweni. Mke wangu anawasalimu.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Naona huelewi jinsi chumba cha habari kinavyofanya kazi. Tamko la waziri lilikuja dakika za mwisho. Sauti ipo, picha hakuna. Huwezi kumwacha waziri anaongea peke yake muda wote huo, watu watahamia kwenye mpira. Unaomba picha maktaba, unaletewa iliyopo. Kwenye kanda wameandika "mto, mwanamke, maji safi". Fundi anauliza iende au isiende. Mtangazaji amekwisha kaa. Mkurugenzi yuko kwenye simu. Hapo hakuna falsafa, Dada. Hapo kuna saa ya ukutani.

Lile neno la pembeni liliondolewa kwa waraka rasmi. Mimi nilitoa maoni yangu kikaoni.

Kusahihisha hewani haiwezekani. Taarifa ikisahihishwa, itakuwa waziri amesahihishwa.

Naomba tusiligeuze hili kuwa kesi ya familia.

Mdogo wako

17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zako nimezifikisha kwa wote isipokuwa mmoja, na utaelewa kwa nini.

Gari la maji liliondolewa wiki ile ile baada ya taarifa yako. Tulipokwenda ofisini kulalamika, karani alitujibu bila hata kuinua kichwa: "Nyie si mlionekana mnakunywa?" Basi wenye uwezo wakanunua maji, wasio na uwezo wakarudi mtoni. Mama Mapacha hana uwezo. Alichemsha, akachuja kwa kitambaa, akachemsha tena. Sumu ya ngozi haiogopi moto. Pacha mdogo alianza kutapika Jumapili. Binti yangu ndiye aliyekuwa zamu hospitali. Alimshika mkono mpaka mwisho, akarudi nyumbani akaniuliza kama mjomba wake anajua.

Tumemzika. Na sasa huyu jirani hatujui tumwiteje. Mtu akianza kusema "Mama Mapacha" anasita katikati, anajifanya anakohoa. Watu wazima, mdogo wangu, mtaa mzima unakohoa.

Umeniandikia kwamba hakuna falsafa, kuna saa ya ukutani. Nimesoma vitabu vingi vya watu waliojitetea. Wapo waliosema waliamriwa, wapo waliosema hawakujua, wapo waliosema wangekataa angeletwa mtu mbaya zaidi. Wewe ni wa kwanza kuisingizia saa. Hata woga una daraja zake, na wewe, uliyepanda vyeo vyote, kwenye huu umebaki chini kabisa, huko ulikoanza kukunja nyaya. Na ulipokunja nyaya ulikuwa mtu wa maana zaidi, maana nyaya zile zilipitisha umeme kweli.

Usiligeuze kuwa kesi ya familia, ulisema. Sawa. Tumelifanya kesi ya mahakamani. Tunakishtaki kiwanda. Na unajua wakili wao ameleta kielelezo gani? Taarifa yako. Mama wa watu akinywa maji akicheka. "Hali ilivyo leo."

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Walisema hivyo kabla hawajayaona maji yetu. Lakini hebu tuijaribu hiyo damu. Shauri litasikilizwa mwezi wa tisa. Njoo usimame mbele ya hakimu useme maneno manne tu: picha ni ya zamani. Wewe uliipiga, wewe uliirusha, hakuna mwingine duniani mwenye haki ya kusema hivyo kwa uzito huo. Sikuombi ujute. Nakuomba useme.

Na lile swali langu bado liko pale pale. Ulimwona?

Dada yako

25 Julai

Hujajibu. Posta inafanya kazi, nimewauliza.

Shemeji yako anasema nisikuandikie kwa hasira. Nimemwambia hii si hasira, hasira huwa namwekea mtu ninayemheshimu.

Tarehe ya shauri ni tisa Septemba, asubuhi. Ukumbi mdogo, ghorofa ya chini. Huna haja ya kupanda ngazi.

19 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nawatakia heri na afya njema. Nimesikitishwa sana na msiba uliowapata majirani. Tafadhali mfikishie mama wa marehemu rambirambi zangu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya mabadiliko ya ofisi. Tangu mwanzo wa mwezi mimi ndiye Mkuu wa Habari. Najua hutanipongeza. Mama angenipongeza.

Nimezungumza na mwanasheria wa kituo. Ameshauri kwamba mtumishi hatakiwi kutoa ushahidi kuhusu maudhui yaliyorushwa, kwa kuwa yanakuwa mali ya kituo. Nikienda nitakuwa nimekiuka mkataba, na mambo mengine yatafuata. Nina watoto shuleni. Si kwamba sitaki. Elewa tofauti iliyopo kati ya kutotaka na kutoweza.

Nikiwa kwenye nafasi hii nitaweza kurekebisha mengi taratibu, kutoka ndani. Hata lile neno la pembeni huenda likarudi. Nipe muda.

Nawaombea mshinde.

Mdogo wako

12 Septemba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Habari,

Salamu kutoka kwa wapiga kelele. Goti la shemeji yako limepata nafuu, nadhani ni kwa kusimama. Utaona kwa nini.

Rambirambi zako sikuzifikisha. Niliogopa zisije zikawa nazo ni za maktaba.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wakili wa kiwanda ni kijana mwenye viatu vinavyolia kila akigeuka. Akaileta televisheni juu ya toroli, akaiwasha, na Mama akatokea tena. Wakili akasubiri acheke, kisha akasimamisha picha pale pale. "Mheshimiwa hakimu," akasema, "sina haja ya kuita wataalamu wengi. Shahidi wangu bora ni mwanamke huyu wa kawaida, mkazi wa eneo lile, ambaye mwezi wa nne mwaka huu alikunywa maji haya bila hofu yoyote."

Hakimu ni mama mtu mzima, mchovu, miwani imening'inia kifuani. Akauliza, "Kama ni shahidi wako bora, kwa nini hukumleta?"

"Tulimtafuta, Mheshimiwa. Hakupatikana."

Hapo kicheko kikaanzia nyuma. Si kicheko cha furaha, wewe unajua vicheko vya kwetu. Hakimu akagonga meza. "Mnacheka nini? Kuna anayejua huyu mama anapoishi?"

Mzee Redio akanyanyuka. "Mimi, Mheshimiwa. Ni jirani yangu."

"Basi anaweza kuletwa?"

"Anaweza. Lakini itabidi tuchimbe."

Hakimu akavaa miwani. Akautazama uso ule kwenye kioo, akatutazama sisi. Akauliza polepole, "Ni nani humu ndani anaweza kusema, chini ya kiapo, kwamba mwanamke huyu alikufa kabla ya mwezi wa nne mwaka huu?"

Mama Mapacha akasimama. Nikasimama mimi. Akasimama shemeji yako na goti lake. Wakasimama waliobeba jeneza, waliopika, waliokesha, mpaka yule aliyekuja mazikoni kwa bahati mbaya akidhani ni mkutano wa mbolea. Ukumbi wote, mdogo wangu. Hata karani wa mahakama alisimama nusu, akakumbuka yuko kazini, akakaa. Wakili akabaki amesimama naye, maana alikuwa hajakaa, na kwa dakika ile ungedhani na yeye alimzika.

Wakapita mmoja mmoja, wanaapa, wanasema. "Alikuwa mama yangu wa kazi, alinifundisha kushona." "Nilichimba kaburi lake, mwaka juzi." Hakuna aliyesema zaidi ya sentensi mbili. Niliokaa nao nikiwafundisha kuandika insha ndefu walinishinda wote kwa ufupi.

Kanda ikatupwa nje. Kiwanda kimefungwa mpaka maji yapimwe upya na watu wasiolipwa nacho, na gari la maji limerudi jana. Pacha aliyebaki alikimbia nalo mtaa mzima.

Kwa hiyo hatukukuhitaji. Nilidhani ningefurahi kukuandikia sentensi hiyo. Nimeiandika, na imekaa tu hapo.

Taarifa ya saa mbili usiku ule ilikuwa na utepe.

Dada yako

3 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Sina habari za familia leo. Mke wangu amelala, watoto wako shule, mimi niko ofisini na mlango nimeufunga.

Umeniuliza na kuniuliza. Nimejibu kila kitu isipokuwa hicho.

Nilimwona.

Kanda ilipoanza nilimjua kabla hajainua uso, nilimjua kwa mgongo. Nilimwambia fundi arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamtazama tena mpaka pale anapocheka. Fundi akauliza, "Bosi, iende?"

Nikasema iende.

Nimejaribu kuandika sababu na kila moja nikiisoma naisikia kwa sauti yako. Nimechoka, Dada. Nimeomba likizo. Naweza kuja nyumbani?

Mdogo wako

14 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Binti amepangiwa wodi ya watoto, kwa ombi lake.

Hiyo ndiyo barua ya kwanza uliyoniandikia tangu uondoke nyumbani. Zilizotangulia zilikuwa taarifa za saa mbili. Usinitarajie nikusifu kwa kusema kweli baada ya hukumu kutoka. Mtu anayeziba bomba nyumba ikishazama haitwi fundi.

Unauliza kama unaweza kuja. Njoo. Mlango wa nyumba ile Mama hakuwahi kumfungia mtu na mimi sitaanza leo. Chumba nimeshatoa vitabu. Utapokelewa kama mgeni yeyote anavyopokelewa, kwa glasi ya maji. Sisi tunakunywa ya gari. Ya kwako nitayateka mwenyewe mtoni, chini ya daraja, pale pale ulipopiga picha yako. Kiwanda kimefungwa lakini wapimaji wanasema sumu iko kwenye udongo na itakaa miaka. Lakini kwa macho maji yametulia, yanang'aa. Ukiyatazama kwa haraka, kama unavyotazama wewe, utasema ni salama.

Sitakulazimisha. Nitayaweka mezani, basi. Mama Mapacha nimemwambia unakuja. Amesema atakuja kukaa nasi, anataka tu kukutazama ukishika glasi.

Dada yako